Bili na Ubwana: Mhadhara Kuhusu Madai ya Wanaume Wetu



Nadhani walioniomba nizungumze juu ya usawa wa kijinsia walitarajia nije na mikataba ya kimataifa niwasomee kifungu kwa kifungu. Mikataba hiyo ipo, na maktaba inayo. Jioni hii nimeamua kuzungumza na vijana wa kiume walioketi nyuma kule, mikono imefungwa kifuani, wananitazama kama mgambo aliyekuja kukusanya ushuru. Wana malalamiko, na sisi wa rika langu tumezoea kuyajibu kwa kicheko au kwa kukemea. Mimi ni wakili. Mlalamikaji husikilizwa kwanza, hata kama kesi yake ina matobo.

Malalamiko yenyewe mnayajua. Kijana anamwomba binti waonane Jumamosi. Binti anasema hana nauli. Kijana anatuma. Anaambiwa, "Ungetuma na ya kutolea." Anaongeza ya kutolea. Jumamosi simu haipatikani, na Jumatatu anapewa habari za shangazi aliyeugua ghafla. Nairobi wanasema huyo ameliwa fare. Hapa kwetu Tanzania tunasema kapigwa. Wakionana kweli, bili ya chipsi kuku ni ya kijana, hata kama binti ana mshahara na yeye mwenyewe bado anasubiri boom la Bodi ya Mikopo. Mapenzi yakikomaa inakuja hela ya saluni, kioo cha simu, na deni la kikoba. Yakifika kwa wazazi kuna barua ya posa na fedha ndani yake, kishika uchumba, mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, na mjomba ambaye hajaonekana miaka yote anajitokeza kudai chake. Kisha kamati ya harusi, kisha kadi za michango. Akishamaliza yote hayo anafungua redio, anamsikia mtu akisema mwanamume na mwanamke ni sawa. Anauliza: sawa katika lipi?

Swali hilo ndilo limezaa ile kaulimbiu ambayo hakuna kijana humu ndani asiyeijua: "Kataa ndoa, ndoa ni utapeli." Inasemwa vijiweni, inasemwa kwenye daladala, na nimeisikia hata ndani ya vikao vya harusi, mdomoni mwa watu ambao mchango wao umekwishalipwa.

Niuweke wazi msimamo wangu mapema, ili asiyeupenda awahi usafiri. Gharama wanazozilalamikia vijana hawa ni za kweli. Lakini aliyezipanga si mtetezi wa haki za wanawake, wala si mwandishi wa sheria ya usawa. Zimetoka kwenye mpango wa zamani uliomfanya mwanamume bwana wa nyumba, mpango ambao wengi wa wanaolalamika bado wanautaka. Ubwana na bili viliingia nyumbani siku moja. Anayetaka kubaki na ubwana na kumsukumia mwenzake bili bado hajadai haki, anaomba punguzo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili limeletwa na simu za mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia kwetu mwaka uliofuata, lakini kabla ya hapo tulikuwa tayari tunasema "kuchuna buzi", na buzi mwenyewe alikuwa bwana mmoja mwenye mshahara na haya nyingi. Hata hivyo nataka turudi nyuma zaidi, twende Nairobi, mwaka 1969.

Miaka kumi kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria iliyomruhusu mwanamke aliyezaa nje ya ndoa kumpeleka baba wa mtoto mahakamani ili achangie matunzo. Mwaka 1969 Bunge la Kenya huru likaifuta. Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi. Grace Onyango, wa kwanza kuchaguliwa, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo, sheria ikiwa imekwishazikwa. Na waheshimiwa walitoa hoja gani? Kwamba wasichana wanageuza mimba kuwa kipato. Kwamba wanawategea wanaume wenye kazi. Kwamba sheria inaharibu maadili ya Mwafrika. Ukiondoa suti na fimbo ya Spika, ungedhani unasikiliza kijiwe cha jana jioni. Tofauti ni kwamba kijiwe hakina uwezo wa kufuta sheria. Wale walikuwa nao, wakautumia. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 iliuacha mzigo wa kwanza mabegani mwa mama pale wazazi walipokuwa hawajaoana. Mtoto wa Kenya alisubiri hadi Katiba ya 2010, Ibara ya 53, ndipo ikaandikwa kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwake, wawe wameoana au la.

Sisi Watanzania tusijisifu. Hatukuifuta sheria yetu, tuliiacha izeeke. Sheria ya mwaka 1949 iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kikabaki vitabuni hadi ilipokuja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwaka huo shilingi 100 haikukununulia soda. Mama alikuwa na haki kamili ya kwenda mahakamani, akashinda kesi, akarudi nyumbani na fedha zisizomtosha nauli ya kuifuata hukumu mwezi ujao. Ninapoambiwa kwamba sheria za nchi hizi zimekuwa za wanawake tangu zamani, huwa naikumbuka shilingi 100 hiyo.

Nimeanza na watoto kwa makusudi. Katika mabishano yote ya nani alipe bili ya hoteli, mtu mmoja hatajwi kamwe, naye ndiye anayelipa kwa muda mrefu kuliko wote.

Sasa niende kwenye hofu kubwa ya wanaume, kugawana mali. Aprili 2023 ilienea habari kwamba Achraf Hakimi, beki wa Moroko na Paris Saint-Germain, mkewe alipodai talaka na fungu lake, ilikutwa kila kitu kimeandikwa jina la mama yake. Habari hiyo haikuwahi kuthibitishwa. Haikuhitaji kuthibitishwa. Ndani ya siku chache Hakimi alikuwa shujaa wa vijiwe kutoka Kariakoo hadi Kisumu, na ofisini kwangu wakaanza kuja watu wazima, wengine na mvi zao, wakiuliza kama wanaweza kuhamishia viwanja kwa mama. Niliwauliza swali moja tu: mko wangapi kwa mama yenu? Kwa sababu siku mama atakapofariki, kiwanja kilichoandikwa jina lake ni urithi wa watoto wake wote. Utamkimbia mke mmoja, ukagawane na ndugu saba. Wengi walikunja hati zao wakaondoka bila kunilipa ada ya ushauri.

Wanachokiogopa ni kile wanachokiita "nusu kwa nusu". Wanaamini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke akiingia tu na begi lake, akatoka baada ya mwaka, anatoka na nusu ya nyumba. Haisemi hivyo. Kifungu cha 114 kinazungumzia mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndani ya ndoa. Kinamtaka hakimu aangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Aangalie madeni waliyoyaingia kwa faida yao wote, mahitaji ya watoto wadogo, hata mila za jamii yao. Na akishayapima hayo, aelekee kwenye mgawanyo sawa. Kiwanja ulichonunua kabla hujamjua hakiingii mezani, isipokuwa mwenzako awe amekiendeleza kwa kiasi kikubwa. Ni sheria ya kuhesabu, na ugumu wake wote uko kwenye neno mchango.

Aliyetufungulia njia hapo ni Bi Hawa Mohamed, katika kesi yake dhidi ya Ally Sefu iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Katika mahakama za chini ilikuwa imeonekana kwamba kupika, kufua na kutunza nyumba ni wajibu wa mke, na mtu hawezi kudai ujira kwa kutimiza wajibu wake. Mahakama ya Rufani ikasema hapana: hiyo ni kazi, na kazi ni mchango. Kila mwanafunzi wa sheria anaikariri sehemu hiyo. Sehemu ya pili husimuliwa mara chache. Bi Hawa aliondoka mikono mitupu. Ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, naye akazitapanya, na mahakama ikahesabu kwamba fungu lake amekwishalila. Hesabu ile ile iliyompandisha ndiyo iliyomshusha. Wanawake wanaoitaja kesi hii kwenye semina huishia nusu ya kwanza. Wanaume hawaitaji kabisa, ingawa nusu ya pili ingewafurahisha.

Wakenya nao wana kisa chao, na ni kitamu zaidi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi inayotajwa kwa herufi, JOO na MBO. Magazeti yakaandika kwamba mke hapati tena nusu moja kwa moja, na wanaume wakashangilia kwelikweli. Ni kweli majaji walisema hivyo. Ibara ya 45 ya Katiba inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika; majaji walisema usawa huo haumaanishi kila mmoja abebe nusu bila kuonyesha alichochangia. Sasa soma hukumu hadi mwisho. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufani ikampandisha hadi nusu ya vyote. Mume hakuridhika, akapanda Mahakama ya Juu. Na Mahakama ya Juu, baada ya kuyasema yale yaliyoshangiliwa, ikamwachia mke nusu yake, kwa kuwa mchango wake ulikuwa umethibitika. Wanaume wa Kenya walikuwa wanasherehekea kesi ambayo mwanamume ameshindwa.

Turudi kwenye nauli, maana naona wengine wanasinzia. Huwa naulizwa, "Wakili, naweza kumshtaki?" Jibu limo kwenye sheria hiyo hiyo ya 1971. Kifungu cha 69 kinaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai kurudishiwa zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa, endapo mahakama itaridhika kwamba aliyeitoa aliitoa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe. Bila sharti hilo, hapana. Kwa hiyo kishika uchumba unaweza kukidai. Chipsi kuku huzidai. Na nauli ya Jumamosi haikuwa na uhusiano wowote na ndoa. Wewe unajua na yeye anajua ilikuwa ya nini.

Hapo ndipo lalamiko linapotufichulia jambo ambalo mlalamikaji mwenyewe hakukusudia kulisema. Mtu aliyetoa zawadi, zawadi ikapotea bure, huumia, akatukana kidogo, akasahau. Anayesema ameibiwa ni mtu aliyeamini amenunua kitu. Vijana wengi wakikueleza hasira yao ukawasikiliza kwa utulivu, unagundua kwamba kilichowauma ni kulipia mwili wa mtu na mwili usifike. Hasira ya namna hiyo siwezi kuipeleka kwenye mjadala wa haki za binadamu, kwa sababu upande wa pili wa biashara hiyo kuna binadamu.

Lakini, dada zangu, msipige makofi mapema. Binti anayekusanya nauli kwa wanaume kumi kwa kutumia shangazi mmoja anayeugua kila Jumamosi ni tapeli, na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, liwe limetendwa na mwenye ndevu au mwenye hereni. Halafu ipo ile kauli yenu, "mwanaume ni kutoa." Siku ya Machi 8 mnavaa fulana za usawa, Machi 9 mnamcheka mwenzenu aliyechangia bili na mchumba wake, mnamwita anayelea marioo. Kama mwanamume anayelishwa na mkewe mwajiriwa anaitwa marioo, na mwanamke anayelishwa na mumewe anaitwa mke, basi mmeukubali ule mpango wa zamani, na hamna ugomvi na mtu atakayekuja kudai ubwana wake.

Najua jibu la dada zangu, nao wana haki ya kulitoa: mara nyingi binti asemaye hana nauli, hana nauli kweli. Anayeanza maisha bila shamba la urithi na bila kiwanja cha baba hawezi kugawana bili sawa na kaka yake aliyepewa vyote viwili. Hilo nalikubali. Ninachosema ni kwamba linaisha pale binti anapopata mshahara mkubwa kuliko wa mchumba, na humu ndani wapo.

Tuutazame mpango huo wa zamani kwa heshima, maana haukuwa wa wajinga. Chukua sheria ya Kiislamu, ambayo nusu ya ukumbi huu inaishi nayo. Mume hulipa mahari, na mahari ni ya mke mwenyewe. Mume hulisha, huvisha, huweka makazi. Mke akiwa na mali, ni yake, halazimiki kuitoa. Vijana wananung'unika: "chake ni chake, changu ni chetu." Lakini katika mfumo huo huo mtoto wa kiume hurithi mafungu mawili pale binti anapopata moja, kwa sababu yeye ndiye atakayebeba nyumba. Una mizani yake: aliyepewa zaidi ndiye anayedaiwa zaidi. Unaweza kuukubali mfumo huo mzima, na wapo wanaouishi vizuri sana. Nisiyemwelewa ni kijana anayechukua mafungu mawili msibani, kisha nyumbani kwake anadai nusu kwa nusu.

Sheria ya serikali nayo ina mabaki ya mpango huo. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinamwagiza mume kumtunza mke. Mke analazimika kumtunza mume pale tu mume anapokuwa hajiwezi kwa ugonjwa au ulemavu wa mwili au wa akili, na mke awe na uwezo. Hapa, vijana wangu, mna kesi safi. Kenya, katika Sheria ya Ndoa ya 2014, mahakama inaweza kuamuru mwanandoa yeyote amtunze mwenzake. Nami ningependa sheria yetu ifuate uwezo wa mfuko, isiangalie jinsia. Ila mjue mkifika bungeni na hoja hiyo mtaulizwa mengine: nani anaamua familia ihamie wapi, nani anatoa ruhusa mama aende kazini, na watoto ni wa ukoo wa nani. Hamtaruhusiwa kupeleka ukurasa mmoja tu wa mkataba.

Na mahari? Kifungu cha 41 cha sheria yetu kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Uganda wamefika mbali zaidi: Agosti 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, iliiacha mila ya mahari lakini ikakataza kudai irudishwe ndoa inapovunjika. Kwa hiyo sheria haimlazimishi mtu. Nani basi anapandisha bei? Nimeshika kalamu kwenye vikao vingi vya posa kama mshenga. Wanaokaa kwenye mkeka ni baba, baba mdogo, mjomba, na mzee mmoja wa ukoo mwenye kikohozi. Binti yuko jikoni, haulizwi. Wanaume wanawakamua wanaume, halafu kijana anatoka pale akiwa na hasira na binti. Baada ya miaka 25 atakaa yeye kwenye mkeka ule ule, na bei haitashuka.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya fedha. Mabinti wetu bado wanafundwa. Unyago umebadilika sura, kungwi sasa anakuja ukumbini na kipaza sauti, kitchen party ina kamati na sare, lakini bado kuna wanawake wazima wanaomkalisha binti na kumweleza ndoa ni nini. Mengine wanayomwambia siyapendi, lakini wanamwambia. Mvulana tumemfanyia nini? Jando limehamia hospitali. Anatahiriwa akiwa mchanga au wakati wa likizo, anapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kusafisha kidonda. Hakuna mzee aliyemweleza atafanyaje akikataliwa na mwanamke, atakaaje na mke anayemzidi mshahara, atalia wapi. Mafunzo hayo anayapata kwa watu walioachika vibaya wakageuza uchungu wao kuwa elimu. Kataa ndoa ni jando la watoto ambao wazee wao hawakutokea. Simlaumu mwanafunzi wa shule hiyo kama ninavyomlaumu babu yake aliyekuwa hai na akanyamaza.

Kuhusu vipigo nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Kenya kuna kundi linaloitwa Maendeleo ya Wanaume, jina lililochezea lile la Maendeleo ya Wanawake la mwaka 1952. Mwenyekiti wake, Nderitu Njoka, aliwahi kuwataka wanaume wasusie chakula cha nyumbani ili kupinga waume kupigwa na wake zao, na nchi nzima ikacheka. Nchi hiyo hiyo ilikuwa imecheka pia mwaka 2009, wanawake walipotangaza mgomo wa unyumba wa wiki moja ili Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila wapatane, na mwanamume mmoja akaenda mahakamani kudai fidia kwa mateso aliyoyapata. Kisa cha pili nami nilikicheka. Cha kwanza hakichekeshi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15. Kwa wanaume ni asilimia 27. Hawakuumizwa wote na wenza wao, humo kuna ndugu, walimu na wapita njia. Lakini mwanamume aliyepigwa na mkewe akifika kituo cha polisi, kinachomsubiri kaunta ni kicheko, na wanaocheka kwa sauti kubwa ni wanaume wenzake. Kifungu cha 66 cha sheria yetu ya ndoa hakisemi mume asimpige mke. Kinasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, yeyote yule. Kimekuwepo tangu 1971.

Sasa niwaonyeshe ninyi wa kule nyuma mahali ambapo ningependa hasira yenu iende.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Siku moja ya kumpeleka mama hospitali, moja ya kumrudisha, ya tatu ya kutafuta nyama ya supu. Kenya, kwa sheria ya 2007, baba ana wiki 2. Sijamsikia mtu wa kataa ndoa akizitaja siku hizo 3, wakati ndizo zinazomfanya mtoto amzoee mama na mahakama imwone baba kama mgeni. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinadhani kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 yuko salama zaidi kwa mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini baba ataipinga kwa ushahidi gani, kama hajawahi kumwogesha?

Kuhusu DNA: takwimu za maabara ya Mkemia Mkuu zinazosambazwa kila mara, kwamba wanaume wengi waliopimwa hawakuwa baba, ni za watu waliokwenda kupima kwa sababu walikuwa tayari na shaka. Kuzichukua ukazipachika kwa baba wote wa nchi ni kwenda wodi ya malaria ukahitimisha kwamba kila Mtanzania ana homa. Lakini mwenye shaka ana njia halali, kupitia wakili, ustawi wa jamii au mahakama, na aitumie kabla mtoto hajajua kumwita baba.

La mwisho ni zito kuliko yote. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinasema ubakaji ni kosa la mwanamume dhidi ya msichana au mwanamke. Mwanamke mtu mzima akimrubuni mvulana wa miaka 13, hakuna ubakaji. Mwendesha mashtaka atatafuta kosa jingine. Mtaani mvulana huyo atapongezwa na kaka zake. Nimewaona wakiwa watu wazima, ofisini, wamekuja kwa talaka ya tatu, na ukiwauliza vizuri unakuta habari inaanzia huko.

Kenya waliandika "mtu" badala ya mwanamume katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Haikumaliza kila kitu: vijana wawili wa miaka 16 wakikutwa pamoja, anayepandishwa kizimbani bado ni mvulana, na Mahakama Kuu ya Eldoret iliwahi kukataa mwaka 2014 kwamba huo ni ubaguzi. Lakini mvulana aliyebakwa alipata jina la kosa alilotendewa. Muswada huo uliletwa bungeni na mwanamke, Njoki Ndung'u, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu. Wabunge wengi wa kiume waliompinga hawakuwa na wasiwasi juu ya wavulana. Walihofia kusingiziwa, na mjadala ulipokwisha sheria ilikuwa na kifungu cha 38, cha kumfunga atakayetoa shutuma za uongo. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Neno lililomlinda mvulana bado lipo.